Kwa Nini Mtaa wa Ndoo Hunyamaza Mara Mbili

Mgeni yeyote anayekuja kulizunguka jiji letu huletwa Mtaa wa Ndoo, na wengi hudhani wameletwa kuona ndoo. Waacheni wadhani hivyo. Wanatazama makarai, masikio yanawauma, halafu ikifika alasiri wanashangaa nyundo zote zikilazwa chini kwa pamoja. Hapo ndipo wananigeukia mimi, maana wazee wenzangu wamechoka kueleza.

Zamani mtaa huu haukujua kunyamaza. Mabomba ya maji yalikuwa hayajafika, jiji lilikuwa nyumba za udongo na njia za mchanga, na mafundi bati walikaa pande zote mbili wakigonga tangu asubuhi hadi magharibi. Fundi aliyepumzisha nyundo alionekana hana kazi, kwa hiyo hata asiye na kazi aligonga bati tupu. Mtoto akizaliwa, walipiga mabati. Bwana harusi akipita, walipiga mabati. Furaha nyingine hawakuijua.

Nyuma ya karakana zao kulikuwa na kisima kilichokauka kila kiangazi. Wakawaita wachimbaji wawili wakiongeze kina. Mbaruku alishuka chini, na mwenzake Chande alibaki juu akivuta kwa kamba ndoo ya mchanga. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi siku zote, na kila mtu alijua hivyo.

Siku moja mdomo wa kisima ukaporomoka. Kwa kelele zile hakuna aliyesikia. Mwanahawa, mke wa Mbaruku, alipoleta chakula cha mchana alikuta shimo limejaa mchanga, kamba imelala juu yake, na Chande haonekani. Alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka, ndipo watu wa karakana ya karibu wakatoka.

"Chande yuko wapi?" wakaulizana.

"Ameona balaa, katimua mbio," akasema mmoja wao, na wote wakakubali. Mwanahawa akamlaani kwa uchungu, maana mtu huyo alikuwa amekula kwake miaka mingi.

Wakaanza kuchimba, lakini mchanga ulirudi kila walipoutoa. Ilibidi wamfikie kutokea ubavuni mwa kisima, na hakuna aliyejua ni ubavu upi. Mumewe alikuwa amemwambia Mwanahawa kwamba kule chini kuna mwamba wenye mapango. Alijua kwamba mumewe akiwa hai, ataugonga mwamba ule kwa mtaimbo wake. Akalala kifudifudi, akatega sikio ardhini. Alisikia milio ya kugonga kila mahali. Mtaa mzima ulikuwa unagonga.

Akakimbia karakana hadi karakana, mchanga usoni, kanga imemtoka begani. "Wazee wangu, wekeni nyundo chini. Mume wangu yuko chini ya miguu yenu, na mimi simsikii."

Fundi mmoja aitwaye Shomvi uso ukamshuka. "Mama, mbona muda mrefu nasikia mtu anagonga hapa chini? Nilidhani ni jirani."

Nyundo zikalazwa moja moja mpaka mwisho wa mtaa. Watu waliogopa ukimya ule, kwa kuwa hawakuwahi kuusikia. Walisikia kuku wakiparura, wakasikia pumzi zao wenyewe. Halafu, kwa mbali sana, wakasikia kitu kikigonga jiwe.

Wengi wakasema sauti inatoka mashariki. Shomvi, aliyekuwa amelala sakafuni mwake upande wa magharibi, akasema hapana, inatoka chini yake. Wakabishana, na wakati ulikuwa unakwenda, na Mwanahawa akawasihi wachague tu. Wakawafuata walio wengi.

Walichimba mashariki kwa majembe na makarai, kisha kwa mikono, wakihofia kwamba jembe litamkuta mtu. Jua lilikuwa linashuka walipoona vidole. Wakamtoa Mbaruku akiwa hai, mdomo umejaa mchanga, asiweze kusema neno. Vigelegele vya kwanza vilikuwa vya Mwanahawa. Mafundi nao wakarudi mbio kwenye mabati, wakayapiga kwa nguvu zao zote. Walimtania Shomvi kwa yale masikio yake, naye akacheka pamoja nao huku akigonga.

Mbaruku alikuwa anatikisa kichwa. Mkewe alidhani ni kizunguzungu, akampangusa uso, akamnywesha maji. Akatapika mchanga, akanywa tena. Neno lililomtoka lilikuwa jina la mwenzake.

"Chande alikimbia," Mwanahawa akamwambia. "Pumzika, baba."

"Alishuka," akasema Mbaruku. "Jiwe lilinishinda, nikamwita aje tulisukume. Alikuwa upande wa pili wa mwamba. Tulikuwa tunagonga wote."

Shomvi ndiye aliyeangusha nyundo kwanza. Akajitupa sakafuni mwake, na mtaa mzima ukalala kama yeye, sikio chini. Wakangoja, wakangoja tena. Hawakusikia kitu. Wakachimba magharibi, na walipomfikia Chande walimkuta ameegemea mwamba, jiwe la kugongea limo mkononi. Mwili wake ulikuwa bado na joto.

Na tangu siku hiyo, kila alasiri, mafundi wa Mtaa wa Ndoo hulaza nyundo na kusikiliza. Huo ni ukimya wa Mbaruku. Wageni hupiga picha, huona umekwisha, huanza kuzungumza na kuchekacheka. Mafundi nao huzinyanyua nyundo, wakazishikilia hewani, kisha wakazilaza tena, na safari hii hukaa muda mrefu zaidi.

Aliyeuanzisha ukimya huu wa pili ni Mwanahawa. Alikuja kila siku mpaka uzeeni, akisimama mlangoni pa Shomvi, na alipoona nyundo zinainuka aliinua mkono, akasema maneno yale yale. Alipofariki, mafundi wakarithishana maneno yake. Mpaka leo mmoja wao huyasema, taratibu, kabla hawajarudi kazini:

"Subirini kwanza. Huenda bado kuna mtu."