Ini la Mgeni

Kamati Ndogo ya Uratibu, Mapokezi na Hifadhi ya Ini. Ndugu zangu, msicheke kwanza. Jina hilo lilijadiliwa kikaoni, likaungwa mkono, likabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ini lenyewe lilikuwa la ng'ombe, kipande cha kujaa kiganja. Lakini katika shule moja ya sekondari kule milimani, kipande hicho kilibeba mzigo mzito kuliko ng'ombe aliyekitoa.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa baiolojia, mwanamke mwenye ugonjwa mmoja tu: kufurahi. Akianza habari za protini husahau kama ameshika chaki, akajipangusa uso, akamaliza kipindi mweupe kama mtu aliyetoka kinuni. Wasichana wake wa kidato cha tatu walikuwa hawajaona jaribio hata moja kwa macho. Walisomea ubaoni, kwa michoro. Sasa stoo ya mahindi ilikuwa imefagiliwa, ikawekwa meza na bomba la maji, na Mthibiti Ubora, mkaguzi wa shule, alikuwa anakuja kutoka wilayani. Akiridhika, stoo itaitwa maabara na wasichana watasoma sayansi papo hapo. Asiporidhika, mahindi yanarudi.

"Tutamwonesha nini?" aliuliza mkuu wa shule.

"Ini, Mkuu. Ini bichi, na ile dawa ya kusafishia vidonda."

"Bichi?"

"Bichi kabisa! Hata damu isifutwe."

Mkuu akaandika "ini". Neno la pili hakuliandika.

Mwalimu akawaandaa wanafunzi wake. "Dawa hii ni sumu," akawaambia, "na miili yetu wenyewe huitengeneza kila siku ikiwa kazini. Ingetumaliza! Lakini ndani ya ini mna protini, uzi mrefu uliojikunja kwa namna yake, wenye kishimo ambamo sumu hiyo huingia barabara. Inaingia sumu, yanatoka maji na hewa. Maji na hewa, jamani!"

"Madamu, mbona unalia?"

"Silii. Nimeingiwa na chaki."

"Na huo mkunjo ni wa nini?" mwingine akauliza.

"Si mnaijua ngata? Kanga ukiizungusha vizuri unabebea ndoo kichwani. Ikifumuka, kanga ni ile ile, rangi ni zile zile, hata maneno yake yanasomeka. Ndoo iko wapi?"

"Chini!"

"Basi moto ndio unaoifumua protini."

Siku ikafika. Asubuhi mkuu akapita maabara, akaona sahani, akaona damu, akaona na nzi. Hakuwa mtu mbaya, ndugu zangu. Alikuwa mtu wa heshima zake. "Mgeni wa wilaya aoneshwe kitu kama hiki?" akasema. Kamati ikakutana ikiwa imesimama, pale pale koridoni, ikapitisha azimio. Mwalimu alikuwa getini na wasichana, wakipokea wageni.

Wageni walipokwisha kuketi, sahani ikaletwa kutoka jikoni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwalimu akakifunua. Ini lilikuwa limechemshwa kwa tangawizi na kitunguu, limekatwa vipande vya kupendeza, na kila kipande kimechomekwa kijiti cha meno.

Angefanya nini? Akatumbukiza kipande kwenye bomba la kioo, akamimina dawa. Dawa ikatulia tu. Kiputo kimoja cha povu kikapanda, peke yake, kama mtu aliyeanza kupiga makofi akagundua hakuna anayemfuata.

Mkuu akamwinamia sikioni. "Sema dawa imepitwa na muda."

Mwalimu akawatazama wasichana wake. Walio nyuma walikuwa wameshainamisha vichwa. Akisema dawa imeharibika, mkuu anapona na maabara inakufa. Akisema kweli, huenda vyote vikafa, na yeye akiwa wa kwanza. Ninyi mnaonisikiliza, mngesema lipi?

"Bwana Mthibiti," akasema, "dawa ni nzima. Ini limepikwa. Naomba kwenda kuleta kiazi."

"Kiazi?"

Hakungoja ruhusa. Alikimbia na sketi yake mpaka jikoni, ambako mpishi alikuwa akimenya viazi vya chipsi.

"Nipe kimoja, dada!"

"Hivi ni vya mgeni, Madamu!"

"Ni huyo huyo mgeni!"

Akarudi na kiazi chenye udongo upande mmoja, maana kiazi kibichi nacho kina protini ya namna ile. Akakiponda na udongo wake, akakitia kwenye bomba la pili, akamimina. Loo! Povu likaamka, likapanda, likafika mdomoni, likafurika mezani na kulielekea faili la Serikali. "Linapanda! Linapanda!" wasichana wakapiga kelele, na Mthibiti Ubora, mtu mzima mwenye tai, akaruka juu kama wao.

"Rudia!" akasema. "Mwalimu, rudia hapo! Na lile bomba la ini liwe pembeni, niyaone yote mawili!"

Akarudia mpaka viazi vikapungua. Maabara ikapita. Ini likaliwa na wajumbe wa kamati. Na taarifa rasmi ikasema: "Sampuli ya awali ilikabiliwa na changamoto za kimazingira, zilizotatuliwa kwa ushirikiano na idara ya lishe."

Mnamcheka mkuu wa shule. Vema. Sasa tuvuke barabara tuingie humu kanisani, maana nasikia harufu ya tangawizi.

Mnamkumbuka yule mama aliyesimama hapa siku ya mavuno? Sauti ilimkatika, kilemba kimelegea, akasema: "Mtoto wangu aliumwa, na ninyi nyote mnapajua kwangu." Lilikuwa jambo bichi lile, lilikuwa na damu. Na humu ndani mlikuwa na uchungu wa miaka, watu hawasalimiani, sumu tele. Na mama yule ndiye aliyebeba kitu cha kuigeuza maji na hewa. Sisi tukafanyaje? Tukamuundia kamati. Tukampeleka semina ya namna ya kutoa ushuhuda. Akafundishwa aanze kwa salamu, asitaje watu, amalize kwa wakati. Siku hizi anashuhudia vizuri sana. Ametulia, amekatwa vipande sawasawa, ana hata kijiti cha meno. Nani kati yetu amefoka povu kwa kumsikia?

Hakuna adui aliyekuja na kuni, ndugu zangu. Maji tuliteka sisi, moto tuliwasha sisi, kwa heshima zote. Tulimwonea haya mgeni kuliko tulivyoiogopa sumu.

Lakini msikate tamaa, jikoni bado viazi vipo! Leo humu ameketi mtu mwenye udongo upande mmoja, na moyo unampiga kwa neno alilonalo. Akisimama, tusimmenye. Tumwache aingie kwenye sumu yetu jinsi alivyo, tuone kama hatutaruka hapa na tai zetu! Na ibada ikiisha, twendeni kwa yule mama. Kamati ibaki.

Kule ofisini kuna muhtasari wa siku ile ya mavuno. Umeandikwa: "Hoja ya mshirika ilipokelewa na kufanyiwa kazi."

Mtoto aliumwa, na hatukwenda.