Kwa Nini Baraza la Mji Huanza na Udhuru

Zamani za mbali, kabla watu hawajajua diwani wala kamati, palikuwa na mji wa milimani ulioitwa Kwesimbo. Mji huo haukuwa na meya. Ulikuwa na Mshika Udongo, mtu mmoja tu, aliyeketi kwenye kigoda mlangoni kwake tangu umande haujakauka mpaka jua linazama, akisikiliza kila jambo la kila mtu. Pembeni yake palikuwa na chungu chenye udongo mwekundu uliolowa. Akikubali ombi, alichovya kidole gumba na kumpaka mwombaji alama mgongoni mwa mkono. Alama ikishapakwa, imepakwa. Hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuihoji, hata yeye mwenyewe aliyeipaka.

Siku hizi mtu akipita ukumbini akasikia madiwani wanabishania mtaro mmoja tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, huguna na kusema afadhali angekuwepo mtu mmoja wa kuamua yaishe. Mtu huyo aliwahi kuwepo. Alikuwa mwanamke, aliitwa Nakijwa, na alikuwa amechoka.

Mwaka huo ulikuwa wa kumi na mbili tangu akabidhiwe chungu. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kukaa. Walimjia wenye ugomvi wa mpaka wa migomba, wenye mbuzi waliokula miche ya jirani, ndugu waliogombea nani aanze kuongea kwenye matanga ya baba yao. Walimjia hata wazazi walioshindwa kukubaliana jina la mtoto. Kuna mzee mmoja aliyefika kila mwezi kuuliza kama mvua ya mwaka huo itatosha, na Nakijwa alimjibu kila mara, maana kumfukuza kungechukua muda mrefu zaidi. Alikula huku akisikiliza. Mara nyingi alikuta sahani tupu asikumbuke kama alikula yeye au walikula kuku.

Na palikuwa na sharti. Mshika Udongo haondoki uani kwake kukiwa na mtu hata mmoja ambaye hajasikilizwa. Waliolitunga waliona wanawaheshimu wananchi. Hawakuwaza kwamba wananchi hawaishi kuja.

Mumewe, Mrindoko, alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, mtu mpole asiye na maneno mengi. Kifua kilipomshika na kukataa kumwachia, ndugu zake walimbeba wakampeleka kwao, ng'ambo ya mlima wa pili, mwendo wa nusu siku. Mwenyewe alikubali. Alisema pale nyumbani hawezi kupona, kwa kuwa kila akikohoa kuna mtu mlangoni anamweleza mkewe habari za mbuzi. Hakusema kwa hasira. Nakijwa alimfunga shuka vizuri, akaahidi kumfuata akimaliza watu waliokuwa uani. Mwezi ukapita.

Ndipo akaja Sekiete, mdogo wake Mrindoko. Hakukaa hata kunywa maji.

"Shemeji," alisema, "kaka anakuulizia. Kama utakuja, njoo upesi."

Nakijwa alielewa. Alimwambia shemeji yake atangulie, naye angetoka jioni ileile, akishamaliza foleni. Akaitazama foleni. Ilikuwa imefika kwenye zizi la jirani na kukata kona.

Siku hiyo aliamua haraka kuliko siku yoyote ya maisha yake. Mtu alifungua mdomo, yeye akachovya kidole. Asubuhi alikuja Senkondo wa Mtaa wa Juu, akaomba zamu ya maji ya alfajiri ya kesho kwa ajili ya maharage ya mtaa wao. Akapakwa. Watu kumi na mmoja baadaye akaja Naetwe wa Mtaa wa Bondeni, mjane mwenye sauti ya chini, akaomba zamu ya alfajiri hiyohiyo. Akapakwa naye. Nakijwa alisikia neno maji na neno kesho, akakubali. Sura ya Naetwe aliikumbuka baadaye, ila ombi lake halikumkaa kichwani hata kidogo. Jua lilipozama walikuwa wamebaki watu tisa, nao wakalala palepale uani ili wasipoteze nafasi. Hakutoka.

Maji ya Kwesimbo yalikusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu juu ya mji. Lilikuwa na milango miwili, mmoja wa kupeleka maji Juu na mmoja wa kuyashusha Bondeni. Mlinzi wake alikuwa Mhando, aliyeijua ndiva ile kama anavyoijua nyumba yake. Alijua kuwa ukingo kati ya milango miwili ni mwembamba, na milango haifunguliwi pamoja. Alfajiri ile walifika kwake watu wa Juu na watu wa Bondeni kwa wakati mmoja, kila upande na mkono wenye alama. Mhando aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Kisha akafungua milango yote miwili.

Ukingo ulikatika. Maji ya miezi minne yalishuka kwa kishindo korongoni, yakapita na matuta ya maharage, yakapita na miche, na mchana ndiva ilikuwa tope na vyura. Mvua ilikuwa bado miezi miwili.

Siku hiyo hakuna aliyepanga foleni. Walikuja wote pamoja wakaujaza ua, wakasema yaliyowajia mdomoni. Wengine walisema amezeeka. Wengine walisema amerogwa, na wengine kwamba anawapenda Bondeni, au Juu, ilitegemea msemaji anatoka wapi. Nakijwa aliwaacha waseme mpaka walipochoka. Kisha akamuuliza Mhando kama alijua ukingo utakatika.

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Udongo hauhojiwi," alisema Mhando. "Na mimi nimewekwa kufungua maji, sikuwekwa kusema."

Nakijwa alitaka kumkasirikia akashindwa, kwa sababu hayo ndiyo mji ulikuwa umemfundisha. Alihisi uchovu ukimpanda kutoka miguuni hadi kichwani, na safari hii hakuuficha.

"Nimechoka," aliwaambia. "Sisemi ili mnionee huruma. Mtu aliyechoka hivi hafai kuamua peke yake juu ya maji ya watoto wenu. Mkiniacha hapa nitakosea tena. Mkimweka mwingine, siku akifika nilipofika mimi, naye atakosea."

Akautoa udongo wote chunguni, akaukata mapande sita, kwa kuwa mji ulikuwa na mitaa sita. Akasema kila mtaa uchague mtu wake na kumpa pande lake. Mambo madogo ya mtaa, ya mbuzi na migomba, yasikilizwe hukohuko mtaani. Mambo ya mji mzima, wale sita wakutane na kuyaamua pamoja, na upande wenye mapande mengi ndio ushinde. Mhando hatakuwa na pande, kwa sababu anayefanya kazi asijiamulie kazi, lakini hakuna udongo utakaoguswa kabla hajaulizwa anachojua.

Watu walinong'onezana. Mtu mmoja akauliza, je, wakigawanyika watatu kwa watatu? Nakijwa akatazama ndani ya chungu. Palikuwa na kipande kidogo kilichogandamana chini. Wakakubaliana akibakize hicho, akitumie tu mizani ikilingana, na siku nyingine zote awe wa kuongoza mazungumzo. Na kwa kuwa walikuwa wamemzoea akiamua kila kitu, yeye mwenyewe akapendekeza sharti moja zaidi, kwamba mwongoza kikao asilete lake mpaka ya watu yaishe. Waliliona sharti zuri sana. Walilipitisha bila mjadala.

Wale sita walikutana kesho yake asubuhi. Senkondo alichaguliwa na Juu, na Naetwe na Bondeni. Nakijwa alikuwa amekwisha kufunga kanga kiunoni na kuweka viazi vya njiani kwenye kikapu. Alidhani kikao kitakuwa kifupi, kwa kuwa jambo lilikuwa moja, kujenga ukingo, na hakuna aliyelipinga.

Hakuwa amewahi kuona kikao. Senkondo alianza kwa kueleza historia ya ndiva tangu mababu wa mababu. Aliyefuata alisema anaungana na Senkondo, kisha akaieleza upya. Mhando aliulizwa, akasema mawe yaanze upande wa juu, na hapo wakagawanyika, watatu waanzie juu, watatu waanzie chini. Wakarudia hoja zilezile. Nakijwa alikuwa akitazama kivuli cha ukuta kikifupika, akijua kila kinapopungua na muda wake wa safari unapungua. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili alikumbuka sharti ambalo alilitunga mwenyewe jana tu, mbele ya mji mzima, akafumba. Aliona aibu kuwa wa kwanza kulivunja. Ilipofika alasiri alichukua kile kipande chake kidogo, akakiweka upande wa Mhando, na ukingo ukaamuliwa uanzie juu. Bado wakazungumza ni mtaa gani utoe watu siku ya kwanza.

Jua lilikuwa limeelekea mlimani Naetwe alipouliza kama kuna mengineyo.

"Lipo moja," alisema Nakijwa. "Mume wangu ni mgonjwa sana kwa ndugu zake. Naomba ruhusa nikamwone."

Senkondo, aliyekuwa amesema kuliko wote, alitazama mikono yake.

"Mama, mbona hukutuambia asubuhi?"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Nakijwa.

Hawakupiga kura. Naetwe alikuja akakichukua kile kipande kidogo kutoka mkononi mwake, akasema aende, kigoda atakikalia yeye mpaka mwenyewe arudi. Hivyo ndivyo alivyopatikana naibu wa kwanza, kwa haraka na bila hotuba, na labda ndiyo sababu mpaka leo manaibu hawasifiwi sana.

Njia ilikuwa ya nusu siku, na nusu siku yenyewe ilikuwa imekwisha kutumika. Alipofika ng'ambo ya mlima wa pili alikuta mikeka imetandikwa uani, wanawake wamejifunga kanga vichwani, na kaburi limefukiwa. Mrindoko alikuwa amekata roho jana yake alasiri, na kwa desturi ya kwao hakuwa wa kusubiri. Nakijwa alihesabu saa moyoni. Ilikuwa wakati ule aliposhika kipande cha udongo akiamua ukingo uanzie wapi. Sekiete alimkalisha kwenye mkeka, akakaa karibu naye, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kudanganya, alimwambia yalivyokuwa.

"Alikuulizia asubuhi. Akakuulizia mchana. Baada ya hapo hakuuliza tena."

Nakijwa alilia siku ile na siku zilizofuata, na hakuna mtu aliyemjia na habari za mbuzi.

Arobaini ilipokwisha alirudi Kwesimbo. Ukingo ulikuwa umesimama, umejengwa kuanzia juu, na ndiva ilikuwa na maji kidogo ya kijito. Mji ulikuwa hai. Jambo hilo lilimliwaza na kumuumiza kwa pamoja, maana miaka kumi na miwili aliamini kwamba akiinuka kwenye kigoda kila kitu kitaanguka, na kwa imani hiyo hakumfuata mume wake. Alipoingia kikaoni wote sita walisimama, wakampa pole mmoja mmoja. Senkondo alishindwa kumtazama usoni. Wakaketi, na hakuna aliyeweza kuanza. Ajenda ilikuwepo, soko lilikuwa linasubiri, lakini kila aliyetaka kusema alikumbuka siku ile walivyobishana mpaka jua likaelekea mlimani.

Mwishowe alisimama Naetwe.

"Kabla hatujagusa jambo lolote," alisema kwa sauti yake ya chini, "kuna mtu yeyote anayehitajika kwingine leo?"

Mmoja wao, mwakilishi wa Mtaa wa Kati, akainua mkono. Mama yake alikuwa ameteleza kisimani asubuhi hiyo na kuvunjika mguu, naye alikuwa amemwacha kwa jirani ili asionekane mtoro kikaoni. Nakijwa hakumwacha amalize maelezo. Alimwambia aende.

Na tangu siku hiyo miji ikawa na diwani kwa kila mtaa mkubwa, na mkurugenzi anayeketi barazani kujibu maswali lakini hana kura, na naibu. Meya akawa mtu wa kuchaguliwa na wenzake kwa muda, kisha apumzike, na kura ya kuamua ikawa yake pale tu zinapolingana. Kila baraza likikutana, kabla ya mitaro na soko na taka, husomwa kwanza majina ya wenye udhuru. Karani huyasoma haraka, madiwani wengine bado wanatafuta viti, na wageni hudhani ni utaratibu tu wa makaratasi. Yupo anayeumwa. Yupo aliyefiwa. Yupo aliyekaa kwenye benchi la hospitali, amemshika mtu wake mkono. Majina yao huandikwa, kisha kikao huendelea bila wao, na mji hauanguki.