Bi Nguchiro Aomba Kufundishwa Kufundisha

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kugombania sabuni kama sisi, palikuwa na shule ng'ambo ya bwawa. Mwalimu mkuu alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwenye macho yasiyotulia. Walimu wake walikuwa wawili, wakubwa kwelikweli: Mwalimu Kiboko na Mwalimu Nyati. Ninyi wa huko nyuma, acheni kusukumana, msikie yaliyowapata.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Mkaguzi, Mzee Simba, alikuja mara moja tu kwa mwaka. Basi kila mwalimu alikuwa na somo la wageni, lile lile miaka nenda miaka rudi, na watoto walilikariri pamoja na majibu yake, la kwanza hadi la mwisho. Siku nyingine zote, ah! Kila mtu na lwake.

Mwaka mmoja Simba aliamka na ukorofi. Akaanza na swali la mwisho la somo lile.

"Mbili jumlisha tatu?"

"Mvua hutoka mawinguni!" watoto wakaitikia kwa pamoja, tena kwa furaha.

"Nguuuu!" Simba akanguruma hadi chaki zikadondoka. "Mwakani nikikuta hivi, shule naifunga! Majengo nampa Fisi afungue bucha."

Fisi alikuwa anachungulia dirishani. Akameza mate, glup! Kesho yake akaja na kamba kupima kuta.

Bi Nguchiro aliumia moyo. Watoto wale aliwapokea mwenyewe langoni, wengine wakiwa bado wameng'ang'ania mikia ya mama zao. Akamwendea Kiboko.

"Mwalimu, naomba niwe nakuja darasani kwako kila wiki, tusaidiane."

"Unikague mimi?" Kiboko akafura. "Mimi nilianza kazi hii wewe ukiwa bado unanyonya! Ukitia mguu darasani kwangu, narudi zangu bwawani."

Nyati naye hakutaka kusikia. "Mlango wangu nitaupiga pembe, na wewe ukiwa nyuma yake!"

Bi Nguchiro akaondoka akiwaza. Kweli, mkubwa hapendi kuchunguliwa. Lakini ni mkubwa gani asiyependa kumkosoa mwenzake? Akacheka peke yake, kwi kwi kwi!

Jumatatu, wakati wa chai, akaingia chumba cha walimu amejiinamia.

"Jamani, nimechukua hisabati ya darasa la kwanza, na watoto hawanielewi kabisa. Kaka Kiboko, wewe ndiye mzoefu. Njoo unitazame."

Kiboko akavimba kwa raha, akabeba maandazi yake, akamfuata. Alipokaa nyuma ya darasa benchi likalia kwaaa!

Bi Nguchiro akawapa watoto mgongo. Akaongea na ubao mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Kiboko alishindwa kuvumilia. "Bi Mkuu! Unafundisha ubao au watoto? Hiyo 'ndiyo' yao ni ya mazoea tu. Geuka, uliza mmojammoja!"

"Lo! Kumbe! Basi niruhusu nije kwako Alhamisi, nione wewe unavyofanya."

Kiboko akaweka andazi chini. Yeye mwenyewe alikuwa hajaziona nyuso za wanafunzi wake tangu kiangazi. Lakini angesemaje?

"Njoo," akajibu kwa sauti ndogo.

Alhamisi Kiboko alifundisha amegeuka, akiuliza mmojammoja, jasho likimtiririka.

"Umenifungua macho, kaka," Bi Nguchiro akamwambia baadaye. "Hasa ulipomsubiri yule mtoto wa Ngiri afikiri."

Kiboko akatabasamu siku nzima.

Kisha ikawa zamu ya Nyati. Mbele yake Bi Nguchiro aliuliza watoto wa dawati la mbele tu.

"Mmh!" Nyati akaguna. "Na hawa wa nyuma ni mapambo?"

"Ee, kumbe! Nije kwako nijifunze?"

Mwajua wenyewe nani aliyewakumbuka wa nyuma wiki iliyofuata.

Ikawa hivyo masika, ikawa hivyo vuli. Kila wiki Bi Nguchiro alikosea jambo moja tu, maana mzigo mdogo hubebeka. Fisi naye alikuwa ameshanunua magogo ya kukatia nyama.

Simba akarudi. Akauliza swali la katikati, akaruka la mwisho, akarudi la kwanza. Watoto wakajibu. Mtoto wa Ngiri alikwama, lakini hakubabaika.

"Sijui bado, babu. Nisubiri nifikirie."

Akafikiri, akajibu sawasawa. Simba akacheka hadi manyoya ya shingoni yakatikisika, na Fisi akakunja kamba yake akaondoka akilaumu.

Chumba cha walimu kikawa shangwe.

"Mimi ndiye niliyemfundisha Bi Mkuu kufundisha!" Kiboko akajigamba. "Alikuwa anaongea na ubao!"

"Wewe? Ni mimi!" Nyati akaruka. "Alikuwa anauliza wa mbele tu!"

"Wa mbele tu? Si wewe uliyekuwa ukifanya hivyo?"

"Na kuongea na ubao, si wewe?"

Wote wawili wakamgeukia Bi Nguchiro. Alikuwa anamimina chai, mkia ukimcheza.

Kiboko aliona haya hadi masikio yakamwasha. Kisha akaangua kicheko, vikombe vikagongana, kling kling!

"Bi Mkuu," akasema akifuta machozi, "Jumatatu utakosea nini? Niambie mapema, nikajirekebishe."

Hadithi yangu nimeitua hapo, nanyi ondokeni na hili: mwenye kiburi usimkosoe, mwombe akukosoe kila wiki, naye atajinyoosha mwenyewe.