Fomu ya Baba wa Yatima

Palikuwa na Sultani mmoja, Nasoro jina lake, aliyependa sifa kuliko pilau. Alitangaza kwamba ametenga fungu la kuwasomesha chuoni watoto wa maskini, na kwa wema huo akajipa jina: Baba wa Yatima. Wapiga mbiu wakalizungusha jina hilo mji mzima. Atakayelikana, viboko ishirini. Na fungu lenyewe? Mwaka wa tano huo, hakuna mwanafunzi aliyeonja hata ndururu. Kila aliyeomba alikwama kwenye fomu.

Mjini humo alikaa Mize, binti wa marehemu mchonga vinu, msichana mwenye ulimi wa pilipili. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha utabibu, na asipolipa ada kufikia Ijumaa, nafasi inafutwa. Akaenda kwa Liwali kuomba fungu la mji. Liwali akasema, "Letu hutoka baada ya la Sultani." Akaenda kwa karani wa Sultani. Karani akasema, "Letu hutoka baada ya la Liwali." Wiki mbili anapigwa danadana, na roho inamuuma kweli, maana alimwona mama yake akifa kwa homa bila tabibu wa kumshika hata mkono.

Alhamisi akajitosa barazani. Watu walikuwa wamefurika.

"Wewe ni fukara?" Sultani akauliza.

"Fukara, Maulana."

"Mbona una viatu?"

"Vya kuazima. Askari wako hawaingizi mtu pekupeku."

"Aliyekuazima ana uwezo. Akusomeshe yeye."

"Ana jozi hii moja, Maulana. Leo kakaa ndani."

Watu wakaguna. Sultani akakunja uso. "Umekula leo?"

"Sijala."

"Sasa maneno yote hayo unayatoa wapi?"

"Ndiyo pekee ambayo hujayatoza ushuru."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Karani akadakia, fomu mkononi. "Maulana, huyu hajatimiza sharti! Imeandikwa: mwombaji amlete baba yake, asimame barazani, atamke kwa kinywa chake kwamba hana uwezo wa kumsomesha."

"Baba yangu amekufa," Mize akasema.

"Fomu haina mahali pa waliokufa. Baba aje."

Sultani alifurahi mpaka ndevu zikamchezacheza. "Umesikia, binti? Mlete baba, fungu ni lako leo hii. Huna baba, nenda kasage mtama."

"Unaniapia, Maulana?"

"Wallahi! Na watu wote hawa ni mashahidi."

 Kesho ndiyo Ijumaa. Hapo hapo, nje ya lango, mpiga mbiu akapaza sauti kama alivyoamriwa kila saa: "Baba wa Yatima yupo barazani!"

Mize akainua kichwa. "Maulana, mimi ni yatima au si yatima?"

"Yatima, nani kakataa?"

"Na huyo anayetajwa huko nje ni nani?"

"Ni mimi!" Sultani akatanua kifua.

"Na anayelikana jina hilo?"

"Viboko ishirini, awe nani awe nani!"

Mize akasogea mbele, akapiga goti kwa adabu zote.

"Basi shikamoo, Baba. Karani kashika kalamu. Tamka watu wasikie: unao uwezo wa kunisomesha, au tukuandike fukara?"