Gimbi la Mwisho la Lemai

Paukwa!
Pakawa.
Palikuwa na bahari isiyo na ng'ambo.
Tupe ng'ambo yake!

Nawapa, ila anayesinzia nitamruka. Hapo kale, kisiwa cha mbali kuliko vyote hakikuwa na mtu. Kilikuwa na mchanga, ndege na Kaa, basi. Ngalawa zikaja kutoka machweo, na ndani ya mojawapo mjane Lemai amepakata gimbi moja, la mwisho, kalifunga kwa makumbi ya nazi yaliyolowa.

Njiani shemejiye Tavau alimwomba, "Shemeji, njaa inatuua. Tulipike."

"Hili si chakula, shemeji. Hili ni mji."

Walipofika, wenzake wakaparamia mayai ya ndege. Lemai akachimba karibu na ufuko, akaonja maji: chumvi. Akasogea, akachimba, akaonja: chumvi. Gimbi likaanza kunyauka. Roho ikamuuma, maana mayai yangekwisha, na bila gimbi wangekufa wote.

"Shemeji, linaoza. Tule," akasema Tavau.

"Hili ni mji."

Kaa akachomoza shimoni. "Waliowatangulia walikula mayai, wakala na mbegu. Mifupa yao naijua ilipo. Wewe mbona huchoki?"

"Nikichoka nitalala wapi? Niambie unakokunywa."

"Utanipa nini?"

"Leo sina kitu. Ila wanangu hawatakula wanao."

Kaa akamtazama weee, kisha akaenda upande upande hadi katikati ya kisiwa. "Chimba hapa, usiache."

Lemai akachimba. Shimo likamfika kiunoni: mchanga mkavu. Likamfika kifuani: unyevu. Kichwa kikazama, maji yakatoka matamu.

Tavau akainama ukingoni. "Shemeji, mara ya mwisho nakuomba. Tule."

Lemai akamwinulia maji kiganjani. "Kunywa."

Tavau akanywa. Akashuka shimoni, akalipanda gimbi kwa mikono yake.

Miezi ikapita, likanenepa. Lemai akaling'oa. Kichwa chenye majani akakirudisha topeni, tumbo akalichoma, akampa Tavau.

"Sasa kula, shemeji."

Tavau akala huku analia, na hakuna aliyemcheka.

Basi wanangu, mwenye njaa ale, lakini mbegu asiiguse. Hadithi yangu imefika pwani: ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu mdaini Kaa, mimi mlaji tu.