Mlango wa Komwe

Zuwena Mhando, fundi cherehani wa Ngamiani, alifika fainali ya sataranji mjini Tanga, na mshindi ndiye angesafiri kwenda kucheza Kampala. Mpinzani wake alikuwa Bwana Kilua, mwenye magodauni, ambaye alikwisha kusafiri miaka mitatu mfululizo na kukariri kila kitabu cha mchezo huo.

Kabla ya kuketi, Bwana Kilua alitoa sharti. "Meza ni zangu, na kikombe nimekinunua mimi. Nataka kujua utafunguaje mchezo."

"Kwa Mlango wa Komwe," Zuwena akajibu kwa upole. "Au msomi kama wewe huujui?"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Bwana Kilua. "Naujua tangu utotoni," akasema.

"Basi nimekwisha. Mtego wa hatua ya kumi na mbili utauona mapema."

Mchezo ukaanza, kila mmoja akihesabiwa muda wake kwa saa ya mezani. Zuwena alisukuma askari wake harakaharaka, kama wanaojifunza. Bwana Kilua aliikodolea macho kila hatua, akanyoosha mkono, akaurudisha, akajifuta jasho. Hatua ya kumi na moja ilimkuta hajapoteza hata kete moja, ila muda aliopewa ulikuwa umekwisha. Mwamuzi akamtangaza Zuwena mshindi.

"Niambie tu, binti," Bwana Kilua alinong'ona, "mtego wenyewe ulikuwa wapi?"

"Hata mimi sijui, Bwana," Zuwena alisema huku akikusanya kete. "Jina lile nililitunga palepale uliponiuliza. Uliposema unaujua, nikatumaini utanifundisha."