Gurudumu la Nne

Paukwa!

— Pakawa!

Walio karibu na moto?

— Tumeota!

Walio nyuma?

— Tumebanana!

Basi leteni masikio, miguu iacheni hapo hapo. Na wewe Nakaaya, hayo mahindi yatafune polepole, yasije yakanizidi sauti.

Hapo zamani, zamani hasa, katika nchi ya Wapolandi, kule ambako baridi ikikaza theluji huanguka nyeupe na kulala juu ya mapaa hadi ichoke yenyewe, watu walikuwa na jina moja moja tu. Ukiita sokoni, "Wojciech!" nusu ya soko inageuka. Ukiita, "Katarzyna!" nusu nyingine inageuka, na mbuzi mmoja juu yake.

Mwenye ardhi ile, Bwana Gniewosz, mtu wa masharubu marefu na subira fupi, akachoka. Akapiga mbiu: "Kila nyumba itafute jina la ukoo! Siku barafu ya mtoni itakapoanza kuyeyuka, kila mwenye nyumba aje uwanjani na jina lake, na shahidi wa jina hilo. Asiye na jina hana nyumba. Asiye na nyumba, njia anaiona."

Pembezoni mwa kijiji alikaa mjane, Dobrochna. Mumewe alifariki wakati wa mavuno, akamwachia nyumba ya nyasi aliyoijenga kwa mikono yake, mapacha wachanga, ng'ombe aitwaye Krasula, na mkokoteni wa magurudumu manne.

Sasa, watu wa kule wana desturi yao. Gurudumu la mkokoteni likizeeka hawalitupi. Hulipandisha juu ya paa, wakalilaza chali, ili korongo akija ajenge kiota. Korongo kwao ni mgeni wa heshima. Baridi ikianza huja huku kwetu kula panzi. Ikiisha hurudi kwenye gurudumu lake lile lile.

Mwaka ule korongo wa Dobrochna aliondoka, na nyuma yake ukaja upepo. Ukang'oa kiota, ukang'oa gurudumu, vyote vikaanguka chini, pwaa! Gurudumu likawa kuni.

Dobrochna akatazama paa tupu, akalia. Kisha akafuta machozi, akachomoa gurudumu moja zima kwenye mkokoteni, akapanda ngazi, akalifunga juu kwa kamba.

Majirani wakamjia juu. "Una wazimu wewe? Korongo keshaondoka!"

"Akirudi akakuta paa tupu atadhani tumekufa wote," akasema Dobrochna. "Amekufa mmoja tu."

Kule mkokotenini, mahali pa gurudumu lililotoka, akafunga gogo. Basi Krasula akivuta, magurudumu matatu yanalia na gogo linaburutwa. Nikisema kri, ninyi semeni buru. Kri, kri, kri!

— Buru!

Kijiji kizima kikacheka: "Huyoo, Mama Magurudumu Matatu!"

Dobrochna akaenda kutafuta jina. Akamkuta mbwa mwitu msituni.

"Mbwa mwitu, mbwa mwitu, nipe jina lako."

"Nimeshampa msaga unga. Kaniletea bata mnono. Wewe una nini?"

"Nina mapacha, nina Krasula, nina mkokoteni huu."

"Nenda zako, Mama Magurudumu Matatu!"

Kri, kri, kri!

— Buru!

Akamkuta dubu pangoni, anapiga miayo.

"Dubu, dubu, nipe jina lako."

"Nimeshampa mhunzi. Kaniletea asali. Wewe una nini?"

"Nina mapacha, nina Krasula, nina mkokoteni huu."

"Nenda zako, Mama Magurudumu Matatu! Na mlango uurudishie, baridi inaingia."

Kri, kri, kri!

— Buru! 

Akamkuta mwewe mtini. Huyu hata hakusubiri aulizwe. "Muuza farasi! Vifaranga! Nenda zako!"

Mnaona? Hata msituni rushwa ilishafika.

Basi siku ikafika. Barafu ya mtoni ikalia, ka! Watu wakajaa uwanjani. Msaga unga akaja na jino la mbwa mwitu, akapata jina. Mhunzi akaja na manyoya ya dubu, akapata jina. Muuza farasi akaja na unyoya wa mwewe, akapata jina, akaondoka ametunisha kifua.

"Dobrochna, jina lako?" akauliza Bwana Gniewosz.

Huko nyuma mtu akapaza sauti: "Magurudumu Matatu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Msaga unga alicheka mpaka akashika mbavu.

Dobrochna akapandwa na hasira, uso ukawa mwekundu. "Ndiyo! Hilo hilo. Mmeniita kwalo baridi nzima, basi nalitaka liwe langu!"

"Hilo si jina, ni ajali," akasema Bwana Gniewosz. "Mkokoteni wowote ukiharibika hubaki na matatu. Shahidi wako nani?"

"Gurudumu la nne. Liko juu ya paa langu, nimemwekea korongo."

Wakaenda wote kutazama. Juu ya paa palikuwa na fungu la theluji, na ukingo wa gurudumu ukichungulia.

"Naona theluji imekalia gurudumu," akasema Bwana Gniewosz. "Korongo simwoni. Na nani huyo wa kutoa gurudumu zima kwa ajili ya ndege? Labda umeliokota. Jua likitua bila shahidi, funga mizigo."

Dobrochna hakungoja jua litue. Alikuwa na mapacha wa kufunika na njia ndefu ya kwenda. Akawalaza mkokotenini, akaweka sufuria, akaweka blanketi, akagusa mlango aliouchonga mumewe. Akamshika Krasula kamba.

Kri, kri, kri!

— Buru!

Mara kivuli kikapita juu ya theluji. Wote wakainua macho. Korongo! Akazunguka mara moja, akashuka juu ya paa, akaipangusa theluji kwa bawa, akagonganisha mdomo wake mrefu: kata-kata-kata-kata!

"Nimetoka kusini," akasema. "Nimepita ziwa, nimepita jangwa, nimepita bahari, nimechoka. Nani kabadilisha kitanda changu? Gurudumu la zamani lilikuwa na ufa. Hili zima."

Akainamisha shingo, akatazama mkokoteni. Akatazama gurudumu, akatazama tena mkokoteni.

"Matatu pale, moja hapa, yote ya fundi mmoja. Mama, umeburuta gogo baridi nzima ili mimi nipate pa kulala?"

Dobrochna akaitikia kwa kichwa huku machozi yanamtoka.

Masharubu ya Bwana Gniewosz yakatetemeka. "Kusema kweli, mimi nisingetoa," akasema. "Jina limekubalika. Mrudisheni ng'ombe zizini."

Na kwa lugha yao magurudumu matatu ni Trzykoła. Semeni: Chikowa. Ndivyo linavyotamkwa. Msiniulize linavyoandikwa, wale watu wakiandika utadhani wamemwaga choroko.

Jina likapendwa, mno! Walevi wakaliimba, maharusi wakaenda kupiga picha... aa, picha hazikuwapo, wakaenda kusimama tu chini ya paa lile. Kila mtu akalitaka. Bwana Gniewosz akasema, "Chukueni, bure! Ila mtoe gurudumu zima mkampe korongo."

Msaga unga akawa wa kwanza. Asubuhi akatoa gurudumu. Mchana unga wake ukamwagika barabarani. Jioni alionekana juu ya paa, analishusha kimyakimya. Na wengine vivyo hivyo. Ndiyo maana jina lile wanaolisifu ni wengi na wanaolibeba ni wachache.

Mapacha wakakua, wakawa mafundi wa mikokoteni. Watu wakawauliza, "Ninyi mafundi, mbona mkokoteni wa mama yenu hamuutengenezei gurudumu la nne?"

Wakajibu, "Lipo. Lina watu."

Basi wanangu, jina unaweza kulipata kwa bata mnono, na hakuna atakayekukumbuka. Dobrochna alikumbukwa kwa alichokitoa akiwa hana cha ziada.

Anayebisha akamuulize korongo, kesho atakuwa pale majarubani kwetu. Ila asimuulize akiwa na chura mdomoni. Mimi nimefika, nafungua ng'ombe. Kri, kri, kri!

— Buru!